Muda hauna mahali, mbona tunauonyesha kwa kidole? (Wana Mbeya, Iringa na Njombe karibuni)

Mwana wa Loleza (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Kabla hamjasoma chochote jibuni haraka, bila kumchungulia jirani. Kikao cha kikundi ni Jumatano. Katibu anatuma ujumbe: "Kikao kimesogezwa mbele siku mbili." Wewe unatokea lini?

Huku Uyole wengi tulitokea Ijumaa. Mhazini wetu alikuwa ameshatokea Jumatatu, kisanduku cha fedha mkononi, akakaa nje ya mlango uliofungwa mpaka jua likamchosha. Ijumaa ikawa siku ya kutoleana maneno. Mimi nasema hakukuwa na mjinga pale. Kila mmoja alikuwa na picha yake kichwani, na picha zote mbili wanasaikolojia wanazijua.

Picha ya kwanza: siku zimelala chini zimetulia, wewe ndiye unayezipita. Mbele ni uendako, basi mbele ni Ijumaa. Picha ya pili: wewe umesimama, siku ndizo zinazokuja. Si tunasema mwezi ujao, sikukuu imefika, Jumapili imepita? Kinachokuja kimekuelekea wewe, kwa hiyo kukisogeza mbele ni kukileta karibu. Jumatatu.

McGlone na Harding waliwauliza watu swali la namna hii kwa Kiingereza mwaka 1998, na mwaka 2002 Lera Boroditsky na Michael Ramscar wakalipeleka uwanja wa ndege na kwenye treni. Waliokuja kupokea wageni walijibu Ijumaa kidogo kuliko waliokuwa wanasubiri kupanda, na waliotoka kushuka kwenye ndege ndio waliojibu Ijumaa zaidi ya wote. Kwenye treni, waliokuwa mwanzo au mwisho wa safari, yaani wale ambao akili zao ziko kwenye kusafiri, waliegemea Ijumaa kuliko waliokuwa katikati wakisinzia. Hakuna aliyefundishwa jambo lolote jipya kuhusu kalenda. Mwili tu ulikuwa safarini, na kalenda ikafuata.

Hoja yangu ya uzi huu ni hii: tuna macho ya kuona umbali, tuna ngozi ya kuhisi joto, ila hatuna kiungo cha kushika muda. Kwa hiyo akili inakopa ardhi. Na kila watu wanakopa ile ardhi waliyoizoea.

Nakuja na mwendelezo.

Dereva wa Kitonga

Mkuu mimi Ijumaa bila kufikiri, ila nashinda kwenye usukani, labda ushahidi wangu haufai.

Lakini barabarani sisi tunafanya kinyume chako. Abiria akiuliza kutoka Iringa hadi Mafinga kumebaki kiasi gani, unamjibu saa moja na kitu. Ukimwambia kilomita 80 anakutazama tu kama hujamjibu. Na pale mlima Kitonga, ukikwama nyuma ya lori la mafuta linalopanda kwenda Tunduma, unaapa kile kipande ni nusu ya Tanzania. Sasa hapo nani anamkopa nani?

Binti Makambako

Naweka kambi hapa. Madini haya.

Mwana wa Loleza

Dereva, hilo swali lilipimwa. Mwaka 2008 Daniel Casasanto na Boroditsky waliwaonyesha watu mistari inayorefuka kwenye skrini ya kompyuta. Mingine mirefu, mingine mifupi. Mingine inakaa sana, mingine inapotea upesi. Kila mara mtu anaulizwa jambo moja tu: ulikuwa mrefu kiasi gani, au ulikaa muda gani. Mstari mrefu watu waliuona umekaa zaidi, hata ulipokaa sawa na mfupi. Lakini mstari uliokaa sana hawakuuona mrefu zaidi. Urefu ulivuruga muda, muda haukuvuruga urefu.

"Saa moja na kitu mpaka Mafinga" ni makubaliano yako na abiria. Wote mnajua gari linakwendaje. Wale walipimwa kitu kinachoingia kichwani bila kuomba ruhusa. Ingawa tusijivune: kima aina ya rhesus walipofanyiwa jaribio la namna hiyo mwaka 2010, kwao mambo yaliingiliana pande zote mbili. Inaelekea huo mkopo wa upande mmoja ni tabia yetu binadamu, huenda tunaijenga kwa kuongea.

Kuhusu lori la mafuta pale Kitonga sina jibu. Hata mimi ningeapa.

Mwalimu Mstaafu

Kamwene wote. Niko Iringa mjini, nimewasoma kwa utulivu.

Sisi tuliosoma vyuo vya zamani tulifundishwa habari za John Mbiti, mwanateolojia wa Kenya. Mwaka 1969 aliandika kwamba Mwafrika wa jadi ana nyakati mbili, akazipa majina ya Kiswahili: Sasa na Zamani. Tukio linatoka kwenye Sasa linazama kwenye Zamani, kwa hiyo muda unakwenda kinyumenyume. Na wakati ujao wa mbali ni kama haupo. Alitegemea zaidi Kikamba na Kikikuyu. Mleta uzi, ramani yetu ndiyo hiyo?

Misindano Mufindi

Shikamoo mwalimu. Kwa heshima zote, aliyesema Mwafrika hana wakati ujao wa mbali hakufika Mufindi.

Mimi mtu wa mbao. Msindano ukitaka mbao ya maana unasubiri miaka 18 na kuendelea. Wenye shida wanakata wa miaka 10, mbao inapinda kabla haijafika Dar. Marehemu baba alipanda nikiwa darasa la pili, tukavuna nikiwa na watoto. Na hakuwa na kalenda ukutani. Alikuwa ananisimamisha juu ya kilima, ananyoosha fimbo: bonde lile ni ada ya sekondari, mteremko ule ni nyumba, kule mwisho kwenye miche ya juzi ni uzee wangu na mama yako. Mpaka leo nikiwaza mwaka 2040 naona mteremko wa upande wa mto, ambao sasa hivi miche yake inanifika kiunoni.

Binti Makambako

Misindano umeua 😂 Huku kwetu ni parachichi. Mche wa kupandikizwa miaka mitatu unaanza kukuonyesha matunda, watu hawana subira ya msindano siku hizi.

Mwana wa Loleza

Misindano, post yako ni bora kuliko zangu zote. Huo ndio mkopo wenyewe, na hati ya shamba unayo.

Mwalimu, Mbiti alipingwa na wasomi wenzake, Kwame Gyekye wa Ghana akiwa mmojawapo, na nadhani walimpinga kwa haki: kuchukua lugha mbili za Kenya ukalisemea bara zima ni kujitwisha mzigo mkubwa. Ila kuna kitu alikigusa, kwamba si lazima wakati ujao ukae mbele. Waaymara wa milima ya Andes, kule Bolivia, Peru na Chile, wanaweka yaliyopita mbele na yajayo nyuma. Rafael Núñez na Eve Sweetser walichapisha utafiti wao 2006. Walitazama mikono. Wazee wasiojua Kihispania vizuri, wakisimulia habari za mababu, walinyoosha mikono mbele, na kadiri habari ilivyokuwa ya zamani ndivyo mkono ulivyofika mbali. Wakitaja mwaka unaokuja wanapunga nyuma, juu ya bega. Yaliyopita umeyaona, yajayo hujayaona, na kisichoonekana kiko kisogoni. Vijana wanaozungumza Kihispania vizuri mikono yao imeshageuka.

Utasema basi ni lugha. Hapana, si lugha peke yake. Mwaka 2014 watafiti waliokuwa pamoja na Juanma de la Fuente waliwapa Wamoroko na Wahispania picha ya mtu aliyesimama, kisanduku kimoja mbele yake, kimoja nyuma: weka la jana wapi, weka la kesho wapi? Kiarabu cha Moroko kinasema kesho iko mbele, kama sisi. Lakini Wamoroko wengi waliweka jana mbele. Maelezo ya watafiti ni kwamba kinachokaa mbele ni kile unachokitilia maanani: anayeenzi mila na wazee anayaweka mbele yake yaliyopita.

Kwa hiyo ningependa kuona Misindano na mzee wa mila wa Kalenga wanapewa ile picha siku moja. Sidhani kama wangejaza visanduku sawa.

Mama Viazi Tukuyu

Mnaenda mbali jamani, mara Andes mara Moroko. Huku kwetu watu wanaangalia jua. Mama yangu akikuagiza anakuonyesha angani, "uwe umerudi likiwa hapa." Ila niwaambie ukweli, Tukuyu msimu wa mvua jua lenyewe tunalisikia redioni. Mkono unaonyesha wingu na mtu anarudi kwa wakati uleule. Hiyo nayo mtuelezee.

Mwana wa Loleza

Mama Viazi, umenifungulia mlango niliokuwa nautafuta.

Mwaka 2010 Boroditsky na Alice Gaby walichapisha habari za wenyeji wa Pormpuraaw, kaskazini mwa Australia. Kule hawategemei kushoto na kulia kama sisi, kila kitu ni mashariki, magharibi, kusini, kaskazini, hata kikombe mezani. Waliwapa kadi za picha, mathalani mtu tangu utoto hadi uzee, wakawaambia wazipange. Walipokaa wakitazama kusini walizipanga kushoto kwenda kulia. Wakitazama kaskazini, kulia kwenda kushoto. Wakitazama mashariki, kadi zilikuja kuelekea kifuani. Siku zote mashariki kwenda magharibi, kama jua, na hakuna aliyewaambia mashariki iko wapi. Mama yako na wingu la Tukuyu wako hapo.

Sasa jaribuni hapa Mbeya. Simama Mwanjelwa, tazama mlima Loleza. Jua limetoka mkono wako wa kulia, Uyole, na litazama kushoto, Mbalizi. Siku inakwenda kulia kwenda kushoto. Sasa geuka uutazame upande wa Tukuyu. Siku ileile inakwenda kushoto kwenda kulia. Kwa mtu wa Pormpuraaw huo ni muda mmoja ambao haujageuka. Aliyegeuka ni wewe. Kwa sisi wa madaftari, tuliozoea kuandika kushoto kwenda kulia, muda tunazunguka nao.

Halafu wako Wayupno wa Papua New Guinea, hawa ni watu wa milima kama sisi. Núñez na wenzake waliandika 2012 kwamba kwao yajayo yako juu mlimani, linakotokea chimbuko la mto, na yaliyopita yako chini, mto unakomwagikia. Mzee akisimulia jana anaonyesha bondeni, popote alipokaa. Ndani ya nyumba yaliyopita yako upande wa mlangoni, kwa kuwa nyumba zao zimeinuliwa na kutoka nje ni kushuka. Yaani kila nyumba ina mteremko wake wa muda.

Fundi Saa Mwanjelwa

Ngoja niingie maana mmenigusa kazi.

Watu hawajui kwamba saa zetu za ukutani zinasema uongo na tumeuzoea. Mshale mfupi uko kwenye 7, sisi tunasema saa moja. Uko kwenye 9, saa tatu. Tunasoma namba iliyo mkabala. Mtoto wa darasa la kwanza nikimfundisha saa, simfundishi kujumlisha sita, namwambia angalia ng'ambo. Anaelewa siku hiyohiyo.

La pili. Saa ya Tanzania imepangwa kwa mstari wa digrii 45 mashariki, ambao hata hauko kwetu, uko baharini huko na Somalia. Mbeya tupo kwenye 33 na nusu hivi. Jua linakwenda digrii 15 kwa saa, pigeni hesabu. Kwa wastani jua linafika juu kabisa hapa saa saba kasorobo, si saa sita. Dar wanatutangulia kwa dakika kama 23.

Dereva wa Kitonga

Fundi asante! Miaka yote najiuliza kwa nini jioni Dar giza linaniwahi na nikiwa Mbeya saa ileile bado kweupe. Utingo wangu alikuwa anasema ni mwinuko.

Mpinga Chai

Mleta uzi kuna mahali nilisoma kwamba mtu akiwaza kesho mwili unainama mbele, akiwaza jana unaegemea nyuma. Hiyo nayo unaiamini au ni chai?

Mwana wa Loleza

Hiyo sikuileta makusudi. Ilichapishwa 2010, watu walifungwa vipimo wakaonekana kuyumba kidogo sana, ni mambo ya milimita. Ikavuma mno kwa sababu ni tamu kusimulia. Watafiti wengine walipoipima tena, wakatoa majibu yao 2016, hawakuiona. Mimi siinywi.

Binti Makambako

Jamani nimefanya utafiti wangu jikoni 😂 Nimechora vikaratasi: punje ya hindi, mche, hindi limebeba, gunzi. Mdogo wangu wa darasa la nne kapanga kushoto kwenda kulia, hakufikiri hata kidogo. Bibi, ambaye shule hakwenda, kavipanga kwa kuvilundika, punje chini kabisa, gunzi juu. Nikamwambia vipange kwa mstari. Akaniuliza, "Kwani hindi linatambaa?"

Mwana wa Loleza

Bibi apewe shahada yake.

Bibi mmoja hatoshi kuwa ushahidi, lakini mdogo wako ana wenzake wengi. Mwaka 1991 Barbara Tversky na wenzake waliwapa watoto vibandiko, waweke chakula cha asubuhi, cha mchana na cha jioni. Wanaosoma Kiingereza walianza kushoto. Wanaosoma Kiarabu walianza kulia. Wa Kiebrania waligawanyika. Huo mstari wa kushoto kwenda kulia tunaouona wa kawaida ni kazi ya daftari na kalamu. Ningependa kuona watoto wanaosoma asubuhi shule na jioni madrasa wanavyofanya.

Na bibi hakukosea kulundika. Nendeni korongo la Isimila, pale karibu na Iringa mjini, mkatazame kuta zake: tabaka la chini limelala kabla ya la juu, na zana za mawe zinatoka humo, zile ambazo umri unaotajwa sana ni kama miaka 260,000. Wanaochimba mambo ya kale muda kwao unakwenda chini. Wachina nao mwezi uliopita wanauita wa juu, mwezi ujao wa chini.

Nesi wa Zamu

Nimesoma kimyakimya sasa nauliza. Wodini tunapata wagonjwa wa kiharusi kilichopiga upande wa kulia wa ubongo, wanapoteza upande wa kushoto wa dunia. Macho yanaona, lakini upande ule ni kama haupo. Anakula ubwabwa wa upande wa kulia wa sahani halafu analalamika chakula kidogo. Ukiigeuza sahani anafurahi, kaongezewa. Ikiwa jana iko kushoto kwa mtu aliyesoma, mgonjwa kama huyu jana yake inakuwaje?

Mwana wa Loleza

Dada nesi, hilo swali mtu alilifanyia kazi. Arnaud Saj na wenzake, 2014, kwa wagonjwa wa aina hiyohiyo. Waliwapa habari za mtu mmoja wa kubuni: vitu alivyopenda miaka 10 iliyopita, na atakavyopenda miaka 10 ijayo. Baadaye wakawauliza kipi ni cha lini. Waliopoteza upande wa kushoto walikosea zaidi kwenye vya zamani. Wagonjwa wa kiharusi ambao upande wa kushoto walikuwa nao hawakuwa na tatizo hilo. Yaani sahani iliyokatwa nusu ilikuwa na kalenda juu yake.

Ndani zaidi kuna hipokampasi, sehemu ndogo iliyojikunja ndani ya ubongo kila upande. John O'Keefe, mwaka 1971 akiwa na mwenzake Dostrovsky, aliona kwa panya kwamba kuna seli pale zinazowaka mnyama akifika mahali fulani: hii ya kona hii, ile ya kona ile. May-Britt na Edvard Moser wakapata jirani yake, mwaka 2005, seli zinazochora kama gridi ya ramani, na wote watatu wakapewa Nobeli mwaka 2014. Kwenye hipokampasi hiyohiyo, kundi la Howard Eichenbaum wa Boston mwaka 2011 likaonyesha seli zinazowaka kwa zamu wakati panya anasubiri tu: hii sekunde za mwanzo, ile zinazofuata. Mtaa uleule wa ubongo unaohifadhi njia ya kwenda sokoni ndio unaopanga nini kilitangulia nini. Mkopaji na mkopeshaji wanalala nyumba moja.

Mwalimu Mstaafu

Hapo nimekuelewa vizuri. Mbiti namweka pembeni kidogo, ila simtupi.

Mama Viazi Tukuyu

La mwisho. Nina kaka yangu haoni tangu kuzaliwa, amesoma kwa nukta nundu mpaka chuo. Hajawahi kuona jua, mlima wala daftari. Yeye anakopa wapi?

Mwana wa Loleza

Mama Viazi, Waitalia wamechunguza. Roberto Bottini na wenzake, 2015, walikuta kwamba wasioona tangu kuzaliwa wana ule mstari wa kushoto kwenda kulia sawasawa na wanaoona. Nukta nundu inasomwa kwa kidole kutoka kushoto, kwa hiyo kidole kimefanya kazi ya jicho. Lakini kwenye mbele na nyuma, utafiti mwingine wa 2018 wa Luca Rinaldi na wenzake haukuona kwao kile wanachokionyesha wanaoona. Inaelekea hiyo ya kesho mbele na jana nyuma inahitaji macho, njia uioneshwe kabla hujaifikia.

Muulize kaka kama kesho kwake ina upande wowote.

Mama Viazi Tukuyu

Nimempigia. Kanijibu kesho iko kwangu, ndiko lilikobaki deni lake la mbolea.